Mamdogo na Kicheko cha Bwana Mvua

Harufu ya bisi ndiyo iliyonirudisha utotoni, lakini kilichonikalisha chini niandike ni hasira. Nianze na hasira.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu sinema, ile ya ghorofani karibu na Posta, yenye viti vya kuegemea na kiyoyozi cha kugonganisha meno. Ana miaka mitano. Kiingereza chake kinaishia kwenye kuhesabu hadi ishirini, na filamu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mwisho: sehemu ya pili ya shujaa mmoja mwenye nguvu za ajabu, ambaye kwenye ile ya kwanza alinuna toka anaingia mpaka anatoka, na safari hii wamemfanya mtu wa utani. Basi nikawa namnong'oneza mtoto sikioni. Huyu kasema hivi, yule kamjibu hivi. Mtoto anacheka mpaka bisi zinamwagika. Mara kaka mmoja wa nyuma akanigusa bega.

"Dada, kama lugha inasumbua, hizi zipo mtaani zimetafsiriwa. Hapa watu wamekuja kuangalia."

Nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba mimi, kwa mdomo huu nilionao, nilinyamaza. Binti yangu akanivuta mkono, "Mama, sasa anasemaje?" nikamwambia nyamaza uangalie. Hakucheka tena mpaka taa zilipowaka. Na pale nje kwenye ngazi yule yule kaka ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote. Eti wameiharibu. Eti ya kwanza ilikuwa nzito, ina uchungu, hii wamegeuza vichekesho. Mwenzake anasema yeye imemkosha, maisha yenyewe magumu, mtu akicheka kuna ubaya gani. Wakabishana mpaka chini. Nikasimama na mtoto mkononi, nikajisemea: ubishi huu naujua. Ubishi huu nimelelewa nao.

Nyie mliokulia Kariakoo miaka yangu mnalijua banda la video. La kwetu lilikuwa la Mzee Kombo, uwani, nyuma ya duka la vitenge, pale unapovuka tu kuingia Mchafukoge. Kuta za mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, feni moja iliyozunguka ikijisikia. Ndani kulinuka jasho la makuli, magunia na maganda ya machungwa, na juu ya yote hayo harufu ya bisi alizokaanga mke wa Mzee Kombo mlangoni, kwenye sufuria yenye mfuniko uliopinda. TV ilikuwa juu ya meza. Kando ya TV, kwenye kiti chekundu cha plastiki, alikaa mtafsiri na maiki yake. Mabanda mengine yote niliyoyajua, mtafsiri alikuwa mwanaume. La kwetu alikuwa Mamdogo.

Mamdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Mama alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani nikiwa sijaanza shule, akaniacha kwake. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, kwa jirani. Baadaye mara moja moja. Baadaye tukawa tunakwenda kwa jirani kuuliza, na jirani anatuona toka mbali, anatikisa kichwa kabla hatujamsalimu.

Asubuhi Mamdogo aliuza vitumbua. Mchana alikuwa kila mtu duniani. Alikuwa mzee, mtoto, polisi, adui anayekoroma, bibi harusi. Maiki mkono wa kulia, rimoti wa kushoto. Watu wakipigana anapandisha sauti ya TV, wakianza kuongea anaishusha, anaongea yeye. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Alichokuwa anafanya, siku ya onyesho, vitumbua vikishaisha na banda likiwa tupu, anaiangalia filamu mara mbili. Mara ya kwanza na sauti, anatazama nyuso. Mara ya pili bila sauti, anazijaribia maneno, kama fundi anayempima mtu gauni. Akiona midomo inakwenda mbio, anaweka maneno mengi. Ikitulia, anaweka machache. Na adui akikunja uso, anamtishia mwenzake kwamba atamtupa bonde la Jangwani wakati wa masika, maji yakifurika. Hakuna aliyewahi kuuliza Wazungu wamepajuaje Jangwani.

Mimi nilikaa chini ya meza, kwenye miguu yake, na kutoka pale niliyaelewa mambo kinyume. Niliona Mamdogo anasema, kisha mtu kwenye TV anafanya. Anasema "Nifuateni huku," wanafuata. Anasema "Leo nakuua," ngumi inatua. Kwa hiyo nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba Mamdogo ndiye anayewaamrisha. Maiki ile ilikuwa inaingia ndani ya TV. Ndiyo maana watu wazima walimsalimia kwa adabu na Mzee Kombo alimwekea soda.

Sasa ikaja ile filamu. Jina lake halisi hatukulijua wala hatukulitaka. Banda lilimwita steringi wake, yule shujaa mwenyewe, Bwana Mvua, kwa sababu akikasirika mvua inanyesha. Jamaa ana koti refu la kijivu, hacheki, haongei sana, na kila mtu anayempenda anapotea. Wanaume walimpenda hadi kupitiliza. Alikuwepo kuli mmoja wa sokoni tukimwita Tani Moja, mtu wa kubeba gunia mbili kwa pamoja, yeye aliiangalia mara nne. Mwisho wa filamu Bwana Mvua anasimama juu ya ghorofa, mvua inamchapa, anaangalia mbali, midomo inatikisika kidogo. Mamdogo akashusha sauti yake mpaka tukasikia feni.

"Mama," akasema Bwana Mvua. "Popote ulipo. Sitacheka mpaka nikuone."

Watu waliokuwa wameshasimama kuondoka walikaa tena. Mimi chini ya meza nilikula kiapo hicho hicho. Nilikuwa na miaka saba na niliamini kitu kimoja: mtu akitimiza kiapo kama kile, mama yake anarudi, hawezi kukataa. Kwa hiyo nikaacha kucheka. Sitanii. Shuleni walinichekesha, sikucheka. Mamdogo alinitekenya, nikamtazama tu kama askari wa getini. Akaacha kunitekenya. Nilimsikia akimwambia jirani, "Mtoto huyu amenunia dunia." Ikapita miezi.

Halafu sehemu ya pili ikafika. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ndoo. Waliokuja kutoka Feri walikuja na harufu yao ya samaki na hakuna aliyewalalamikia. Filamu ikaanza, Bwana Mvua akatokea na koti lile lile, Tani Moja akapiga mluzi. Dakika tano hazijaisha, Bwana Mvua kateleza kwenye sakafu yenye sabuni, kaanguka makalio chini mbele ya adui. Akaamka. Akateleza tena. Mamdogo akasema kwenye maiki, "Samahani bwana adui, nisubiri kidogo, nyumba hii wamedeki vibaya."

Nusu ya banda ilipasuka kicheko. Wanawake wauza mchicha na mihogo waliokaa kushoto walipigana mabega. Upande wa makuli kimya, kama msibani. Ikaendelea hivyo, utani baada ya utani, mpaka ikafika mahali Bwana Mvua mwenyewe akarudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa. Na hapo hapo adhana ya alasiri ikalia.

Utaratibu wa Mzee Kombo ulikuwa mmoja: adhana ikilia, filamu inasimamishwa. Picha ikaganda. Waliokwenda kuswali wakaenda, waliobaki wakabaki, na pale kwenye TV kwa robo saa nzima akabaki Bwana Mvua, kinywa wazi, meno yote nje. Sikuamini. Nilijiambia labda anapiga chafya. Labda meno yanamuuma. Nilikaa nikimtazama, maana mama yake hakuwa ameonekana popote kwenye filamu ile.

Waliporudi kutoka msikitini ndipo ubishi ulipowaka.

"Mzee Kombo," akasema Tani Moja, "mimi sikulipa kuja kuona mtu anateleza. Bwana Mvua gani huyu? Huyu ni mchekeshaji."

"We ulitaka alie mpaka lini?" muuza mihogo mmoja akamjibu. "Ulitaka azeeke na lile koti lake? Mimi nimeipenda. Toka asubuhi nimekaa juani, nacheka kidogo, tatizo lako liko wapi?"

"Tatizo si yeye," akasema Tani Moja. "Yeye hawezi kucheka, tunamjua. Tatizo huyu mama wa maiki. Yeye ndiye anayemchekesha. Anaongeza ya kwake."

Makuli wote wakaunga mkono. Wakasema Manzese kuna mtafsiri wa kiume, sauti kama ngurumo, anakuja na maiki yake mwenyewe. Mzee Kombo akamtazama Mamdogo. Mamdogo akasema, "Mimi natafsiri kilichopo." Akasema kwa upole, lakini mguu wake chini ya meza ulikuwa unatetemeka. Niliuona mimi peke yangu. Vitumbua pekee havikutulisha wawili, hilo hata mimi nililijua.

Na nikiuona mguu ule unatetemeka, nilitoka chini ya meza nikasimama mbele ya watu wote.

"Ni kweli," nikasema. "Mamdogo ndiye aliyemwambia acheke. Na Kiingereza hajui. Anawaambia kwa Kiswahili tu, wao wanafanya."

Wanawake walicheka. Makuli hawakucheka. "Mtoto hasemi uongo," akasema Tani Moja, "anaishi naye." Mzee Kombo akakohoa, akakunja kanzu yake magotini, akatoa hukumu: filamu ife hapo hapo ilipo, Jumapili ionyeshwe tena toka mwanzo, na Mamdogo aitafsiri inavyotakiwa, kizito, bila kuongeza utani. Akishindwa, ataitwa jamaa wa Manzese. Mamdogo akazima maiki, akazungusha waya vizuri, akanishika mkono tukaondoka.

Nilijua nitachapwa. Sikuchapwa. Jioni ile alikuwa anachambua mchele wa vitumbua kwenye ungo, akaniuliza bila kuinua macho.

"Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

"Umemvunjisha kiapo."

"Nani?"

"Bwana Mvua. Alisema hatacheka mpaka amwone mama yake. Hajamwona. Umemchekesha bure. Sasa mama yake hatarudi."

Ungo ulisimama. Alinitazama, na mimi nikamtazama, nimenuna, tayari kubishana. Kisha akaangalia pembeni kwenye sanduku alilotuachia mama, lililokaa juu ya kabati.

"Kwa hiyo hizi siku zote," akasema, "hucheki kwa sababu ya lile neno?"

"Ndiyo."

Alirudi kwenye mchele, lakini nilimwona anatupa mchele na kubakiza mawe.

Jumapili banda lilijaa kuliko siku ya kwanza, maana ubishi ulikuwa umezunguka soko zima. Kwenye kijiwe cha kahawa walikuwa wamegawanyika mpaka kukaa mabenchi tofauti. Mamdogo aliingia na kitenge chake kizuri, akakaa, akaanza kama alivyoagizwa. Sauti nzito. Sauti ya taarifa ya msiba. Bwana Mvua akateleza kwenye sabuni, akaanguka makalio chini.

"Ninaanguka," akasema Mamdogo kwa huzuni kubwa, "kwa uchungu wa watu wangu."

Akateleza tena.

"Uchungu umenizidi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walitoka nje kupumua wakarudi. Muuza mihogo aliangukia mapaja ya jirani yake. Makuli wawili walikuwa wameinama wakijifanya wanafunga viatu, na walivaa ndala. Mzee Kombo alibaki na uso wake wa hukumu lakini tumbo lilikuwa linaruka ndani ya kanzu. Tani Moja peke yake ndiye aliyesimama. "Si mnaona," akasema, "bado anamchekesha."

Ikafika ile sehemu. Bwana Mvua akaanza kurudisha kichwa nyuma. Mimi chini ya meza nilikuwa namtazama Mamdogo mdomo, kwa sababu nilijua sasa ndiyo mwisho wa ubishi: asiposema kitu, Bwana Mvua hatacheka. Mamdogo akaiweka maiki juu ya meza. Akafunga mdomo wake kabisa, midomo ikaingia ndani. Akanyoosha rimoti, akapandisha sauti ya TV mpaka mwisho.

Bwana Mvua akacheka.

Kwa sauti yake. Sauti ya mwanaume, yenye mikwaruzo, ambayo hatukuwahi kuisikia hata siku moja, kwa sababu siku zote tulimfahamu kwa sauti ya Mamdogo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kwenye filamu mvua ikaanza kunyesha, safari hii na jua. Adhana haikulia. Hakuna kilichomkatisha. Banda zima lilimsikiliza mgeni yule akicheka, na mimi nilimtazama Mamdogo mdomo wake umefungwa, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba wale watu wa kwenye TV walikuwa wao, na yeye alikuwa yeye.

"Kumbe anacheka mwenyewe," akasema Tani Moja polepole. Akakaa. Kisha akaongeza, "Lakini bado sijaipenda."

"Usiipende," akasema muuza mihogo. "Tuache tuone."

Mamdogo akachukua maiki tena. Zilikuwa zimebaki dakika chache, Bwana Mvua yuko juu ya ghorofa kama ile ya kwanza, koti limelowa, anaangalia mbali, midomo inatikisika. Mzee Kombo hakumwambia kizito wala chepesi. Mamdogo aliinama kidogo, akachungulia chini ya meza, akaongea huku ananitazama mimi.

"Mama," akasema Bwana Mvua. "Leo nimecheka. Kile kiapo nilikitoa nikiwa na hasira, nakirudisha. Kurudi kwako hakutegemei mimi kununa. Nitakungoja, lakini nitakungoja nikiwa nacheka."

Nikatoka chini ya meza ili nisilie kwenye miguu ya watu, na nikakutana uso kwa uso na Tani Moja, benchi la mbele. Alikuwa analia, mtu wa gunia mbili, na alikuwa amejifuta uso wote kwa lile gunia la unga wa ngano alilojitupia begani. Machozi na unga. Alikuwa mweupe toka paji la uso mpaka kidevuni, amebakiza macho. Na nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda ya machungwa. Tani Moja akaniuliza, "Unacheka nini we mtoto?" ikawa mbaya zaidi. Mamdogo aliiacha filamu ijimalizie yenyewe. Alikuwa ameshika maiki mapajani bila kuizima, ndiyo maana banda zima lilimsikia anapenga kamasi.

Jamaa wa Manzese hakuitwa.

Mama hakurudi. Tulikuja kupata habari zake miaka ya baadaye, ana maisha mengine huko, na mimi sina la kusema juu ya hilo. Ila nikiwa kidato cha tatu, Kiingereza kimeanza kuingia, niliikuta ile filamu ya kwanza kwa rafiki yangu, yenye sauti zake zote. Nikangoja lile ghorofa, lile neno. Bwana Mvua alisimama, mvua inamchapa, midomo ikatikisika kidogo, akamwambia mtu kwenye simu kwamba alete gari upande wa nyuma. Basi. Mama yake hatajwi mahali popote, si ya kwanza wala ya pili. Nilikaa nimetoa macho. Kisha nikaona aibu kwa niaba ya waliotengeneza filamu ile, kwa mamilioni yao yote, kwamba walikuwa na uso mzuri kama ule, na mvua ile, na hawakuona cha kuuambia ila habari za gari. Mwanamke wa vitumbua, wa darasa la saba, aliwaonyesha kilichokuwepo.

Jumamosi ile ya sinema, tumefika nyumbani, nilimpigia Mamdogo simu. Siku hizi anakaa Mbagala, miguu inamsumbua, sauti haijapungua hata chembe. Nikamwamkia, akaitika, nikammwagia yote: yule kaka, bega langu, ngazi, ubishi.

"Steringi alicheka?" akaniuliza.

"Alicheka."

"Na mtoto?"

"Alicheka mpaka niliponyamazishwa."

"Kwa hiyo mwisho wake haujui."

"Haujui, Mamdogo. Ananiuliza toka tumetoka."

"Mpe simu."

Mamdogo hajaiona filamu ile na hataiona. Nilimpa mtoto simu. Alikaa nayo sakafuni, ameikumbatia kwa mikono miwili, anasikiliza, na kila baada ya muda anauliza swali. Na akafanyaje? Na yule mbaya? Na koti lilikuwa la rangi gani? Nilisimama mlangoni na upawa mkononi, nikisubiri, mpaka nilipomwona anarudisha kichwa nyuma, anafungua kinywa.